Kulwa Asimpite Doto

Chilangala, Newala
3 Machi 2024

Mdogo wangu Baba Agatha,

Pokea salamu kutoka huku juu. Sisi ni wazima, isipokuwa mguu wa Mama umeanza tena kuvimba, na yeye ameanza tena kusema haujavimba. Mvua inanyesha kama ina kesi na sisi. Mbaazi zimesimama vizuri, mihogo vilevile, na Baba Kulwa anapalilia chini ya mikorosho huku akilaumu mgongo wake. Wifi alipokuja kwenye msiba wa Bibi Maria alinichekesha. Eti umenunua tena mashati mawili ya rangi moja, na moja hulivai, liko kabatini na karatasi yake ya dukani. Nikamwambia mwache, ndivyo alivyo tangu utotoni.

Naandika barua kwa sababu simu yangu haina siri. Tangu ilipotumbukia kwenye ndoo haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, na Mama yuko barazani kutwa nzima. Barua hii nampa Mujibu, anayeshusha mihogo sokoni huko Masasi. Ukijibu, mpe huyo huyo.

Neno lenyewe ni hili. Mwalimu Anastasia, yule wa kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili pale shuleni Newala, ametuita wazazi. Anasema mwezi wa tano wataalamu watakuja kuwapima watoto wote upya, waone nani abaki kitengoni na nani ahamishwe. Wataalamu wenyewe ndio ninyi. Jina la kazi yako bado halijanikaa mdomoni, huku tunasema tu mpima vichwa.

Wanangu wote wawili wako pale, Kulwa na Doto, mwaka wa tatu sasa. Wanalala bweni moja, kitanda kimoja. Naomba uandike wabaki. Usiguse kitu. Wewe ndiye mjomba wao, na kwetu neno la mjomba halikatiwi rufaa.

Msalimie wifi na Agatha.

Dada yako,
Bibiana


Mkomaindo, Masasi
24 Machi 2024

Dada yangu Mama Kulwa,

Shikamoo. Barua yako ilizunguka na Mujibu mpaka imenifikia ikinuka muhogo mbichi. Huku ni wazima. Agatha ameng'oka meno ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu, anacheka na mto wake tu. Joto limekaza, haya majabali yanayotuzunguka yanapata moto mchana na kuturudishia jioni. Mwambie Mama akikaa aunyanyue mguu juu ya kigoda. Najua atakataa, lakini mwambie.

Kwanza nijitetee. Sipimi vichwa, dada. Mimi ni mwanasaikolojia wa elimu. Mtoto akishindwa shuleni, watu huuliza ana kasoro gani. Mimi hukaa naye, nikakaa na mwalimu wake, nikaja mpaka nyumbani kwao, nikitafuta kinachomzuia. Mara nyingine kiko kwake mwenyewe. Mara nyingine kiko darasani. Na mara nyingine, dada, kiko nyumbani, kimekaa barazani kimekunja miguu.

La pili, siruhusiwi kumpima mtoto wa damu yangu. Hata ningeruhusiwa nisingethubutu, mganga hajigangi. Nimemwomba mwenzangu Faidha atoke Mtwara aje awapime yeye, mimi nikae nje kama mzazi mwingine yeyote. Kwa hiyo unaniomba kama mjomba jambo ambalo kama mtaalamu nimekatazwa, na sina pa kugeukia.

Nina swali moja. Doto namfahamu. Alichelewa kulia siku ya kuzaliwa, na kila kitu kwake kimekuja polepole. Lakini Kulwa? Nilipokuja Krismasi alinisomea maandishi yaliyokuwa kwenye mfuko wa salfa, ile dawa ya mikorosho, yote, mpaka onyo la kunawa mikono. Mama alipotokea, akanyamaza na kuugeuza mfuko. Nani alisema Kulwa ana ulemavu?

Nisaidie kuelewa, maana kuuliza si ujinga.

Mdogo wako,
Fortunatus


Chilangala
21 Aprili 2024

Baba Agatha,

Marahaba. Nashukuru kwa sukari uliyompa Mujibu. Imefika pungufu kidogo, lakini imefika. Kigoda tumempa Mama, amekitumia kuwekea redio. Watoto walikuja likizo fupi. Kulwa alikuwa na mapunye, Mama akawanyoa wote wawili. Doto aliharisha, wote wawili wakanywa mwarobaini. Kulwa amekunywa bila kukunja uso, Doto amenitemea mimi.

Huo ndio utaratibu wa mapacha hapa kwetu, na wewe si mgeni. Akipewa yai mmoja, na mwenzake apewe. Akipelekwa mmoja, na mwenzake apelekwe. Hakuna kumpita mwenzio. Mama huwaambia hivyo kila wakirudi shuleni, akiwa amewashika mikono: Kulwa, usimpite mwenzako.

Umeuliza nani alisema Kulwa ana ulemavu. Nakuuliza na mimi, unadhani Doto akiwa bweni peke yake nani atamfunga vifungo vya gauni? Nani atamlisha, yeye asiyepokea tonge ila mkononi mwa Kulwa? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe una mmoja, na anacheka na mto.

Mapacha hawagawanywi. Sababu unaijua. Usinifanye niiseme.

Bibiana


Mkomaindo, Masasi
2 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu wa Mama unaendelea vizuri na Baba Kulwa ameanza kupulizia mikorosho salama. Mwambie afunge kitambaa puani. Huku wifi yako ana mafua, nyumba nzima inanukia vitunguu saumu.

Faidha amekuja na amewaona watoto wote wa kitengo. Mimi nilikaa nje ya chumba, chini ya dirisha, kama nilivyoahidi. Alipotoka na matokeo ya Kulwa alikuwa hacheki. Alimwonyesha picha nyingi na kila swali lilikuwa na majibu manne ya kuchagua. Kulwa alikosa yote.

Utasema si nilikwambia. Subiri. Mtoto asiyejua hubahatisha, na anayebahatisha hupata moja hapa na moja pale. Doto mwenyewe alipata kadhaa. Kulwa hakupata hata moja. Ili ukose yote, dada, lazima uwe unayajua yote.

Kesho yake nilikaa nyuma ya darasa. Nilimwona akisubiri. Hashiki penseli mpaka Doto achore, kisha anachungulia karatasi ya Doto na kuchora kilekile, na mkono anautetemesha makusudi ufanane na wa mwenzake. Mapumziko nilimwita nikamuuliza kama mjomba, "Kulwa, kwa nini unangoja?" Alitazama kwanza kama Doto yuko karibu. Akasema, "Bibi kasema nisimpite."

Dada, niliumia. Nilirudi Masasi nikashindwa kula.

Taarifa inatakiwa ofisini kabla mwezi huu haujaisha. Nikinyamaza, Kulwa atabaki pale, na kitengo kile hakina mtihani wa darasa la saba. Atatoka akiwa binti mzima ambaye kazi yake maishani imekuwa kutojua. Nikisema, ninyi mtaniona nimegawanya mapacha. Mwalimu Anastasia yuko tayari kusaidia. Anasema alimhisi muda mrefu, ila aliwakuta wameandikwa pamoja na mzazi hakulalamika. Mzazi huyo ni wewe. Ficha yote, lakini hili niambie. Ulijua?

Nasubiri jibu lako kabla sijaandika.

Fortunatus


Mkomaindo, Masasi
30 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Mujibu anasema barua alikupa mkononi na hukumpa jibu. Nimeshindwa kusubiri. Taarifa imekwenda leo, na imesema kweli.

Wasalimie wote. Agatha anaulizia mbaazi.

Fortunatus


Chilangala
28 Julai 2024

Kwa Fortunatus,

Salamu baadaye.

Nilijua. Umefurahi? Nilijua tangu wakiwa wadogo, Kulwa akiongea kwa niaba ya wote wawili. Nafasi ya kitengo ilipopatikana kwa Doto, Mama alikaa mlangoni akasema hatoki mmoja. Nikawapeleka wote. Mwalimu wa wakati ule akaniuliza, "Na huyu pia?" Nikatikisa kichwa kukubali. Hata sikufungua mdomo. Siku nyingine najiona mama mwema, siku nyingine najiona nimemzika mtoto mzima mzima.

Sasa nitasema lile usilotaka kulisikia, maana wewe hulitaji, Mama halitaji, na mimi nimechoka kulibeba peke yangu. Mlikuwa wawili. Wewe na Gervas. Padri alipokuja na nafasi ya shule Masasi, nafasi ilikuwa moja, na mjomba wetu akakunyooshea kidole wewe kwa kuwa ulikuwa unasoma haraka. Mlikuwa na umri huu huu wa wanangu. Gervas alilikimbiza gari mpaka kwenye kona. Masika haijaisha, tukamzika. Wewe hukuwepo kwenye mazishi, barabara ilikatika. Mimi nilikuwepo. Nilimshika Mama asiingie kaburini.

Mama hajakulaumu hata siku moja. Alijilaumu yeye, kwamba aligawanya mapacha. Tangu hapo anapika yai kwa jozi.

Kwa hiyo usiniandikie habari za picha na majibu manne. Mimi sifichi ujinga, naficha hofu. Ukitaka kumtoa Kulwa, njoo wewe mwenyewe ukae mbele ya Mama umwambie. Ukimwambia wewe, uliyebaki, labda atasikia. Mimi siwezi.

Mikorosho imeanza kutoa maua. Baba Kulwa anakusalimu.

Bibiana


Mkomaindo, Masasi
11 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo, na usiniondolee salamu tena. Iliniuma kuliko yale mengine.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama sokoni, Mujibu akiniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, ila ni wa zamani.

Gervas alikufa kwa surua. Watoto wengi walikufa kwa surua mwaka ule, wenye pacha na wasio na pacha. Hilo nalijua na naweza kukueleza vizuri sana, kazi yangu ni kueleza. Naomba tusiseme zaidi kuhusu yeye kwenye barua.

Sikiliza nilichofikiria. Sitashindana na utaratibu wa Mama. Nimeona wataalamu wakienda kwa wazee na maneno makubwa, wakirudi na njaa yao. Tufuate usawa mpaka mwisho. Kulwa akipewa sare ya darasa la pili, Doto apewe sare ile ile. Mkoba kwa mkoba, penseli kwa penseli. Asubuhi waingie wote darasa la pili, wakae dawati moja. Doto akichoka, Mwalimu Anastasia ampeleke kitengoni, ni kuvuka uwanja tu, mlango unaonekana. Mchana wanakula pamoja. Wakati huohuo Mwalimu na matroni wamfundishe Doto kufunga vifungo na kushika kijiko, maana na yeye, dada, tumemnyima. Tumempa pacha badala ya kumpa mafunzo. Mwalimu wa darasa la pili nimemwomba asitangaze nafasi wala alama mbele ya watoto. Mwalimu Mkuu amekubali, kwa kuguna.

Nitakuja tarehe 24. Nitakaa mbele ya Mama. Niombee.

Fortunatus


Chilangala
6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Baba Agatha,

Salamu nyingi, na hizi ni za kweli. Korosho zimeanza kudondoka, tunaokota asubuhi kabla jua halijawa kali. Mama anaokota ameketi, anasogea na kigoda chako. Redio imehamia dirishani.

Ulipoondoka sikukuambia, nakuambia sasa. Ulikaa mbele ya Mama ukaongea habari za sare, mikoba, vijiko, mpaka rangi ya penseli. Uliongea vizuri, nilijivuna. Lakini mlikaa kutwa nzima wewe na yeye, na yule hamkumtaja. Mama alikubali, akatoa sharti moja tu, kila kitu kiwe viwili. Ukasema ndiyo, Mama. Nilidhani mmoja wenu ataanza. Hakuanza mtu.

Sasa habari za shule. Mwanzo ulikuwa mgumu. Kulwa aliendelea kupata sufuri, na mwalimu wa darasa la pili alisema waziwazi kwamba ameletewa mzigo. Doto ndiye aliyetangulia. Amejua kufunga vifungo viwili vya juu! Siku ile Kulwa alivifungua, akavifunga upya yeye mwenyewe, kisha akalia. Mwalimu Anastasia hakumgombeza. Alimkalisha pembeni yake akamwachia Doto avifunge tena, mbele ya Kulwa, polepole.

Juma lililopita walikuwa na jaribio la hesabu. Kulwa alinyoosha mkono. Ndiyo mara ya kwanza. Akaomba karatasi mbili. Mwalimu akadhani ya pili ni ya Doto kuchorachora, akampa. Kulwa akafanya hesabu zote kwenye ya kwanza. Akavuta ya pili, akafanya zote tena, tangu mwanzo, wenzake wakiwa wameshatoka kucheza. Juu ya moja ameandika jina la Kulwa, juu ya nyingine jina la Doto. Hakuna aliyokosa, huku wala kule. Mwalimu akamuuliza maana yake nini. Akasema, "Sasa tumelingana."

Nilipewa karatasi zote mbili nikaja nazo nyumbani. Mama akanitaka nimsomee. Akazishika, moja huku na moja huku, kama anapima uzito. Akasema, "Umeona? Hakumpita." Alifurahi sana, akataka kuku achinjwe. Na Baba Kulwa alifurahi. Mimi nikaenda jikoni nikalia, na sikujua nalia nini mpaka kuku alipoiva.

Nikajua. Mlango umefunguliwa na mwanangu ametoka na mwenzake mgongoni. Leo ni hesabu za darasa la pili. Kesho? Mtihani wa darasa la saba ataufanya mara mbili? Ataolewa mara mbili? Wewe ndiye mwenye elimu hii, naomba uniambie, na usinifiche. Atafanya karatasi mbili mpaka lini?

Dada yako,
Bibiana


Mkomaindo, Masasi
9 Oktoba 2024

Dada yangu Bibiana,

Shikamoo. Sisi wazima. Meno ya Agatha yameota na sasa anacheka mbele ya kila mtu, hata mahali pasipofaa.

Umeniuliza mpaka lini. Mimi mwakani natimiza miaka arobaini na tatu.

Waliponiletea habari ya msiba shuleni, nilikuwa nimekaa kwenye dawati la watu wawili. Nikaomba karatasi ya pili. Nilifanya hivyo mpaka darasa la saba, nikimaliza naichana mwalimu asiione. Chuoni nilikuwa nasoma kila kitabu mara mbili, watu wakaniita hodari. Shati lile analolicheka wifi yako, nikilinunua husema ni la akiba. Si la akiba. Najua mkono wake ungekuwa na urefu gani. Dada, nimechoka. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nimechoka, maana ningeonekana namlalamikia maiti.

Kwa hiyo Kulwa hataacha mwenyewe. Anasubiri mtu ambaye neno lake halikatiwi rufaa.

Nakuja Jumamosi na gari la kwanza. Mwombe Mwalimu Anastasia ruhusa, watoto wawepo. Nitakaa mbele ya Mama, na safari hii nitaanza na jina la Gervas kabla ya salamu, nisije nikapotelea kwenye penseli. Akilia, tutalia. Kisha nitamshika Kulwa mikono, Doto akiwa hapohapo, nimwambie kwamba karatasi moja inatosha, na kwamba mwenzake hatakufa kwa hilo.

Nikishamaliza kumwambia, dada, naomba mmoja wenu aniambie na mimi.

Mdogo wako,
Fortunatus